Undugu wa Boston

Likitajwa jina la Frimasoni, fikra za wengi hukimbilia siri na viapo. Mimi huikumbuka loji ya Waafrika ya Boston, Marekani.

Prince Hall, fundi wa ngozi, aliingizwa katika udugu huo mwaka 1775 pamoja na Weusi wenzake 14, na loji ya askari wa jeshi la Uingereza. Hati ya kuendesha loji yao wenyewe ilitolewa London mwaka 1784.

Februari 1788 Weusi watatu wa Boston walirubuniwa kupanda merikebu kwa ahadi ya kazi, wakachukuliwa kwenda kuuzwa visiwa vya Karibi. Walikuwa waungwana, kwa maana ile ya kale tuijuayo pwani: hawakuwa watumwa wa mtu. Hall na wanaloji wakaliandikia ombi Baraza la Massachusetts. Makasisi nao wakapaza sauti. Machi ikapitishwa sheria ya kuzuia biashara ya watumwa na kuzisaidia jamaa za waliotekwa. Gavana John Hancock akawaandikia magavana wa visiwani, na mwaka huohuo watatu hao wakarejea kwao.

Shule ya watoto Weusi, aliyoiomba Hall mwaka 1787, serikali haikuitoa. Ilifunguliwa mwaka 1798, nyumbani kwa Primus Hall.