Mubashara: Nasaba ya Neno la Watangazaji

Neno mubashara, ambalo watangazaji wetu hulibandika pembeni mwa picha inayorushwa mtandaoni wakati uleule jambo linapotendeka, limekwisha kuzoeleka hata Kigwa, wilayani Uyui, mashariki ya mji wa Tabora, ambako mtu aliyeketi kivulini, simu mkononi, aweza kuutazama mpira unaochezwa Dar es Salaam. Lakini nasaba ya neno hili, ambayo ni ya heshima, haijulikani na wengi.

Asili yake ni Kiarabu. Bashara ni ngozi ya mwili, na kitenzi kilichotoka humo maana yake ni kugusana ngozi kwa ngozi, kisha kulishika jambo kwa mkono wako mwenyewe pasipo mtu wa kati. Katika shina hilohilo limo neno bashari, yaani wanadamu, ambalo malenga wa pwani walilipenda mno, na pia bishara, khabari njema, ambayo wanalugha wa Kiarabu husema imeitwa hivyo kwa kuwa furaha yake hudhihiri katika ngozi ya uso.

Zamani khabari hazikuwa na njia ya mubashara. Kigwa yenyewe ilikuwa kituo cha njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikavuka Ugogo na nyika ya Mgunda Mkali, ikapita Tura na Rubuga, hata kuingia Unyanyembe, nchi ya Tabora. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Kaze, ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba; na khabari ya kufa kwa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, aliyefariki baharini Oktoba 1856, haikuwa na namna ya kuwafikia watu wa bara ila kwa miguu ya wapagazi, kinywa baada ya kinywa.

Podikasti, yaani kipindi cha sauti cha mtandaoni, si mubashara bali ni kitu mbali, kwani hurekodiwa ikawekwa akiba. Kwa hiyo naona ni khiyana kubandika mubashara juu ya kilichorekodiwa jana.

Tofauti hiyo wananchi waliitambua Januari 2016: Serikali ilipotangaza kwamba TBC, shirika la utangazaji la taifa, haitarusha tena vikao vyote vya Bunge moja kwa moja, wananchi waliahidiwa muhtasari wa usiku, wa mambo yaleyale, uliokwisha kuhaririwa; wengi waliukataa, wakadai kuwaona wawakilishi wao saa ileile wanaponena.