Uchanga wa Sikio, Si Ulemavu wa Kurithi

Kijitabu cha afya kilichofika mikononi mwetu hapa Sumbawanga kinaiita mikrotia, yaani hali ya kuzaliwa na sikio la nje lisilokamilika, "ulemavu wa kurithi wa sikio". Istilahi hiyo imebeba makosa mawili, na yote mawili yanaumiza watu.

La kwanza ni "kurithi". Wanakamati wa istilahi walioiunda walitakiwa kufasiri neno la Kilatini congenitus. Con- ni pamoja, genitus ni aliyezaliwa. Kiswahili kina neno lake tayari, "-a kuzaliwa nayo", na ile "na" iliyomo ndani ya "nayo" inabeba maana ileile ya con-. Wao wakaliacha, wakaenda kuchukua "urithi", neno lenye asili ya Kiarabu linalotembea na mirathi na lisilokaa bila aliyeacha na aliyeachiwa. Wapo pia wanaopendekeza "ulemavu wa kinasaba". Nasaba ni ukoo, kwa hiyo kosa ni lilelile. Dawa ya thalidomidi, iliyouzwa Ujerumani Magharibi kuanzia 1957 hadi 1961, ilisababisha watoto kuzaliwa na viungo vilivyodumaa, na baadhi yao bila masikio. Wazazi wao hawakuwa wamewarithisha chochote.

Watafiti wa jeni hawajawahi kusema ovyo kama kijitabu hiki. Mwaka 1996 iligunduliwa jeni ya TCOF1, ambayo hitilafu yake huleta sindromu ya Treacher Collins yenye masikio yasiyokamilika. Hata humo, zaidi ya nusu ya watoto wana badiliko jipya ambalo baba hana na mama hana. Mwaka 2008 badiliko la jeni ya HOXA2 lilionekana katika familia moja ya Iran. Huo kweli ni urithi, tena wa pande zote mbili. Lakini watoto wengi wenye mikrotia wana tatizo katika sikio moja tu, na ukoo mzima hauna mwingine. Linganisha na ualbino. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kuwa Watanzania wengi wenye ualbino wamepungukiwa na kipande kilekile cha jeni ambayo leo huitwa OCA2, kila mzazi akiwa ametoa nakala moja. Huko "kurithi" ni neno la haki. Kulihamishia kwenye kila sikio lisilokamilika ni uvivu.

Uvivu huo una gharama huku kwetu Ufipa. Jina la mji wetu hufasiriwa "tupa uchawi", na bado mtoto akizaliwa tofauti huulizwa katoka upande gani. Mwambie baba kwamba sikio la mwanawe ni "la kurithi" naye atauliza: limerithiwa kwa nani? Jibu huelekezwa kwa mama. Wahenga walisema hujafa hujaumbika, wakamkataza mtu kumcheka mwenzake. Istilahi ya kitaalamu haiwezi kuruhusu kile ambacho methali ilikataza.

Kosa la pili ni "ulemavu". Wabantu wengi wana jina la kale la kiungo hiki: Waganda husema okutu, Wanyarwanda ugutwi. Sisi tulichukua kitenzi "sikia" tukakitia "o" mwishoni, tukapata "sikio", chombo cha kusikia. Kwa hiyo ukisema "ulemavu wa sikio", Mswahili anasikia uziwi. Kumbe katika mikrotia kilichopungua ni sikio la nje, na mara nyingi tundu lake limeziba. Sikio la ndani kwa kawaida ni zima. Wapo waliojaribu "kijisikio". Kiambishi "kiji-" hudunisha, na mtoto hatajwi kwa dharau.

Mimi napendekeza "uchanga wa sikio", na nitaendelea kulitetea. Mikrotia yenyewe ni Kigiriki, mikros na otos, "udogo wa sikio", jina linalotaja kipimo tu. "Changa" linataja kilichotokea. Mnamo mwaka 1885 mwanaanatomia Wilhelm His alieleza jinsi sikio la nje linavyoumbwa na vinundu sita vinavyochomoza kwenye mimba changa, mnamo wiki ya tano na ya sita, kisha kuungana. Vinundu visipokua na kuungana ipasavyo, sikio hubaki changa. Tuna mchanga, kichanga, uchanga, na kinyume chake pevu. Familia nzima ya maneno inasubiri kutumiwa.

Pendekezo hili lilikataliwa katika kikao kimoja kwa hoja kwamba mzazi atangoja sikio lipevuke. Hoja hiyo ilinikera, kwa sababu inamdharau mkulima. Kila mtu wa Ufipa anajua kwamba hindi lililovunjwa changa halikomai tena.

Matumizi: kwenye kadi ya kliniki iandikwe "uchanga wa sikio la kulia, wa kuzaliwa nao, daraja la 3", kwa kufuata madaraja ya mikrotia yaliyowekwa na daktari Marx mwaka 1926, sikio lisilokuwepo kabisa liitwe "ukosefu wa sikio", na mtoto apimwe usikivu mapema.

Neno "kurithi" libaki pale tu kipimo cha jeni kitakapokuwa kimelithibitisha. Kamati inayoona hilo ni gumu ieleze ni kwa ushahidi gani imewahukumu wazazi ambao hawakupimwa.