Mipaka ya mji: kutoka Florence mpaka Kadutu

Kila mwaka nikifundisha miji ya Ulaya ya zama za kati, wanafunzi wanaona ni mambo ya mbali. Mimi nawauliza swali moja tu: kwa nini mtu wa Kadutu akishuka Ibanda anasema «naenda mu mji»? Kwani Kadutu si mji?

Tuanze huko mbali. Mwaka 1343 Florence, mji wa Italia, uligawanywa upya katika mitaa mikubwa 4. Kila mtaa ulikuwa na bendera zake, tena ulitoa watu 2 katika baraza la wakubwa 8 waliotawala mji. Maskini wengi walibaki inje ya baraza, ni kweli. Lakini mtaa ulikuwa mlango wa kuingilia utawala.

Huku kwetu mpaka ulianza kinyume. Wabelgiji walipojenga Costermansville, rasi za ziwa Kivu zilikuwa za Wazungu, na Waafrika wakapangiwa vilima vya Kadutu. Amri ya tarehe 23 Novemba 1931 iliweka, katika Kongo nzima, makao rasmi ya Waafrika walioishi mbali na machifu wao, chini ya ulinzi wa mtawala Mbelgiji. Kutembea usiku kwa Wazungu bila karatasi ya ruhusa ilikuwa kosa. Miaka ya 1950 ikaongezeka Bagira, iliyojengwa na Office des Cités Africaines. Mtaa haukuwa mlango, ulikuwa lupango.

Mlango ulifunguliwa kwa kuchelewa. Amri ya tarehe 26 Machi 1957 ilileta komini, na mwaka 1958 watu wa Bukavu walipiga kura, wanaume peke yao, kuchagua washauri wao. Ndipo majina Ibanda, Kadutu na Bagira yalianza kumaanisha pia haki ya raia, si pahali pa kulala tu.

Ndugu msomaji, lupango ya Wabelgiji ilianguka zamani, lakini tunaijenga tena kwa mdomo. Mtoto wa Ibanda anamcheka mwenzake wa Kadutu, na huyu naye anaona haya kutaja avenue yake. Tuwaambie watoto wetu: wazee wa Kadutu walipiga kura wakiwa wenyeji wa mji. Anayeshuka Ibanda haendi mu mji. Ametoka mu mji, anaenda sehemu yake ingine.