Frere Town, Makao ya Wasio na Kwao

Baada ya mkataba wa 1873 uliolifunga soko la watumwa la Unguja, manowari za Waingereza zilizidi kukamata majahazi ya magendo, na waliookolewa humo, wengi wao watoto wasioijua njia ya kurudi kwao, walihitaji makao na kazi ya kuwakimu. Ndipo mwaka 1875 wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) wakaasisi Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Waliowafundisha useremala na uhunzi walikuwa Waafrika waliolelewa Nasik, Bara Hindi, ambao nao walipata kunusurika vivyo hivyo, na hilo, kwa rai yangu, lilifaa kuliko mawaidha ya makasisi. Kengele ilitundikwa kuwatahadharisha na wateka watu. Mahali pake paitwa Kengeleni. Watoro wa mashambani nao wakakimbilia humo, hata mwaka 1880 mabwana zao, kwa ghadhabu, wakatishia kuushambulia mji.