Uchovu wa misuli kwa wabeba mizigo wa Goma: upimaji wake

Uchovu wa misuli ni kupungua kwa nguvu ya msuli kutokana na kazi, upungufu unaoondoka kwa mapumziko. Goma, mji wa Kivu Kaskazini ulio mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, mizigo mingi husafirishwa kwa nguvu za mwili wa mtu: wanaume husukuma chukudu, kigari cha mbao cha magurudumu mawili kilichojengewa sanamu mjini mwaka 2009, na wanawake hubeba mgongoni kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso. Kwa kawaida kinachopimwa ni gunia. Hilo halitoshi. Pendekezo namba 128 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1967, linataja kilo 55 kwa mwanamume mmoja. Mfuko wa saruji wa kilo 50 unapita, ubebwe mara moja au kutwa nzima. Kanuni ya NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, iliyorekebishwa 1991, huanzia kilo 23 na kuhesabu marudio, lakini ni ya kunyanyua tu. Kusukuma chukudu mlimani hakumo.

Wapo watakaopinga kwa kutaja utafiti uliochapishwa 1986 kuhusu wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu nchini Kenya: waliozoea walibeba, kichwani au kwa ukanda wa paji la uso, takriban moja ya tano ya uzito wao bila kutumia nishati zaidi. Matokeo hayo ni ya kweli, ila yalipima oksijeni ya mwili mzima, na shingo ni sehemu ndogo mno ya hesabu hiyo. Msuli uliokazwa bila kulegea hubana mishipa yake ya damu. Ukikazwa kwa nusu ya nguvu zake, huchoka kwa dakika moja hivi, hata mapafu yakiwa yametulia. Elektromiografia, yaani upimaji wa umeme wa msuli, huuona uchovu huo moja kwa moja: kadiri msuli unavyochoka, masafa ya mawimbi yake ya umeme hushuka. Kifaa chake ni ghali, na jasho hubandua vipokezi vyake, lakini kifaa cha mkononi cha kupima nguvu ya kiganja kinafaa kwa anayeshika usukani wa chukudu. Pingamizi zito zaidi ni kwamba anayelipwa kwa safari atauficha uchovu wake, hasa akiulizwa kwa kipimo cha Borg, ambacho humtaka ataje ugumu anaouhisi kwa namba kati ya 6 na 20. Ndiyo maana kila mtu alinganishwe na nafsi yake, akikibana kifaa cha kiganja mara tatu, kwa kuwa majaribio ya nguvu zote hukaribiana. Kipimo cha jioni huonyesha kazi ya siku. Cha asubuhi, kabla ya safari ya kwanza, huonyesha kama usiku mmoja umetosha.