Uvimbe wa taya uliotoka Mulago ukafika kwenye jeni

Wasee, stori ya saratani na jeni huwa tunasimuliwa ni kama yote ilianzia maabara za wazungu. Zii. Kipande kikubwa kilianzia hapa jirani, Kampala.

Mwaka wa 1957 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji pale Mulago, aliitwa kuangalia mtoto aliyevimba taya pande zote. Baadaye kidogo akaona mwingine Jinja, uvimbe uleule. 1961, yeye na wenzake wawili wakaingia kwa gari kuukuu, wakazunguka kilomita kama 16,000 mpaka Afrika Kusini, wakiuliza kila hospitali: mmeona hii kitu? Penye joto na mvua jibu lilikuwa ndiyo. Nyanda za juu, hapana. Ramani ilifanana na ya malaria, na ndiyo maana huku kwetu inajulikana zaidi upande wa ziwa na Pwani.

Vipande vya uvimbe vikapandishwa ndege kwenda London, na 1964 Epstein, Achong na Barr wakaonyesha kirusi ndani yake. (Kirusi kikaitwa Epstein-Barr. Achong, mtu wa Trinidad, akaachwa kwa mataa.)

Lakini mimi kilichonishika ni cha 1982. Kuna jeni inaitwa MYC, iko kromosomu ya 8. Inatengeneza protini ambayo kazi yake ni kushika DNA na kuamuru jeni zingine zisomwe: seli, kua, gawanyika. Kwa kawaida inawashwa kidogo, inazimwa. Kwa wengi wa hawa watoto, kipande chenye MYC kilikatika kikaenda kukaa kromosomu ya 14, kando ya jeni za kingamwili. Sasa seli B hutengeneza kingamwili mchana na usiku, kwa hivyo swichi ya pale haizimwi. Ni kama kuhamisha kibanda cha chips kutoka ndani ya mtaa hadi steji. Mpishi ni yuleyule, ila sasa jiko halipoi.

Mpaka leo MYC yenyewe imesumbua watengeneza dawa, juu haina mfuko mzuri wa dawa kuingia. Lakini saratani hii inasikia kemo vizuri sana, na Burkitt mwenyewe aliona watoto wakipona Kampala miaka ya 60. Shida ni kwamba inakua haraka, uvimbe unaweza kuwa mara mbili ndani ya siku chache. Mtoto akianza kulegea meno na shavu linafura, watu hukimbilia kung'oa jino. Mpeleke hospitali kubwa wiki hiyohiyo.