Kubadilisha nywila kwa programu (Unix)

Kubadilisha nywila kwa programu ni kuiachia kompyuta ibadilishe nywila (maneno ya siri) za watumiaji bila mtu kuziandika moja moja. Msimamizi wa maabara ya kompyuta shuleni, kwa mfano, huihitaji njia hiyo anapoandikisha wanafunzi wengi kwa siku moja.

Katika mifumo ya Unix, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1969, nywila hubadilishwa kwa amri ya passwd. Amri hiyo humwuliza mtumiaji nywila ya zamani, kisha mpya mara mbili. Imeundwa kuzungumza na binadamu: matoleo yake mengi husoma majibu kutoka teminali yenyewe, hivyo majibu yanayotumwa na programu nyingine hayapokewi.

Njia zinazotumika zaidi ni mbili:

- Expect ni programu iliyotolewa na Don Libes mwaka 1990. Hutengeneza teminali bandia, husubiri swali, kisha hujibu kama mtu.
- chpasswd ni amri ya Linux. Husoma mistari yenye jina la mtumiaji, nukta mbili na nywila mpya. Kwa kawaida hutumiwa na msimamizi mkuu, yaani root, peke yake.

Usalama

Nywila haifai kuandikwa ndani ya mstari wa amri, kwa sababu mara nyingi watumiaji wengine wa kompyuta hiyo wanaweza kuiona kwa amri ya ps. Faili lenye orodha ya nywila lisisomwe na wengine, na lifutwe kazi ikiisha. Anayelipata anaweza kuingia katika akaunti zote.